Rili ya kuvulia: namna ya kuisafisha na kuitia mafuta nyumbani

Msimu wa kaskazi unakaribia. Kwa vijana wetu wanaofanya kazi katika boti za wageni kule Shimoni, Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi, huu ndio wakati wa kutoa rili kabatini na kutazama kama bado zinazunguka. Wengi watakuta hazizunguki, au zinazunguka huku zikilia kama kinu cha mahindi. Nimeulizwa mara nyingi jinsi ya kuzisafisha na kuzitia mafuta nyumbani bila kuzipeleka kwa fundi, na leo nimeona niliandike.

Kuna watakaouliza mtu wa Pwani anayeishi Machakos ana habari gani na rili. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kutoka Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Lakini nina stashahada ya ufundi wa mitambo, nina mpwa aliye baharia katika boti moja ya Kilifi, na mabasi ya usiku hubeba vifurushi. Mjomba akiwa na bisibisi, rili humfuata hata bara.

Mwaka juzi tajiri wa boti aliyokuwa akifanyia kazi mpwa wangu alimkata mshahara kwa sababu ya rili iliyokwama breki mbele ya mgeni. Nguru alipouma, mshipi haukutoka hata pima moja, ukakatika papo hapo. Rili ile ilipofika mezani kwangu niliifungua nikakuta washa za breki zimegandiana kwa chumvi, na skrubu moja imezungukwa na unga mweupe. Ilikuwa kazi ya saa mbili na maji yasiyozidi lita mbili. Rili ikapona. Mshahara haukurudishwa.

Unga ule mweupe ni alumini iliyoliwa. Mwili wa rili nyingi ni alumini, skrubu zake ni chuma kisichoshika kutu, na gia nyingine ni shaba. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo, na ile iliyo dhaifu huliwa. Hapo dhaifu ni alumini. Wala usidhani mambo yamekwisha rili ikikauka. Tazama kopo la chumvi jikoni wakati wa masika: chumvi hunyonya unyevu hewani ikalowa yenyewe. Ile iliyobaki ndani ya rili hufanya vivyo hivyo usiku kucha, hata kabatini, hata huku Machakos ambako asubuhi ya mwezi wa Julai ni ukungu na baridi. Kuileta rili bara hakuiponyi. Ponyo yake ni kuiosha.

Na hapa kwenye kuosha ndipo watu wengi huteleza, kwani huosha kwa maji ya kisima. Visima vingi vya kwetu pwani, Lamu, Mombasa na kwingineko, vina maji ya chumvichumvi. Ukambani nako visima vingi virefu hutoa maji ya namna hiyo. Ukiosha rili kwa maji hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi. Yaonje kwanza. Kama huwezi kuyapikia chai, usioshee rili. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ndiyo bora, na birika moja latosha rili mbili.

Kabla ya kuosha, kaza breki mpaka mwisho, ili maji yasipenye kwenye washa. Kisha miminia maji taratibu kwa kikombe, au tia kitambaa kilicholowa ukafute. Usitumie mpira wa maji yenye nguvu. Nimeona mabaharia wakipiga rili kwa bomba lile lile wanaloosheshea sitaha. Maji yale huisukuma chumvi kutoka nje ikaingia kwenye beringi. Wala usiizamishe ndooni. Ukimaliza ikung'ute, ifute, iweke kivulini penye upepo, na ikishakauka legeza breki kabisa. Washa zikikaa miezi zimebanwa hunyauka, na siku ya samaki hushika kwa mitetemo. Dakika tano hizi baada ya kila safari zina faida kuliko ufundi wote utakaousoma hapa chini.

Mshipi nao una chumvi, hasa ule wa kusuka. Katika rili ya kurusha, ambayo ngoma yake huchomoka, itoe ngoma peke yake uiloweke kwenye maji matamu yaliyo vuguvugu kwa nusu saa. Rili kubwa ya kurambaza haina raha hiyo. Mwisho wa msimu hapana budi kuutoa mshipi wote, kwa sababu chumvi hujificha chini yake na kuitoboa ngoma taratibu.

Sasa mafuta. Watu wa pwani tuna imani na mafuta ya nazi katika kila jambo, kuanzia nywele hadi bawaba za mlango, na rili hazikuepuka. Rili moja ilinifikia hapa mwezi wa Julai ikiwa haizunguki kabisa. Niliifungua nikakuta mafuta meupe yameganda kama mshumaa. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, na Machakos asubuhi ni baridi kuliko hapo. Mtu wa Kilifi atasema kwake hayagandi. Ni kweli, ila yakikaa huchacha, na mafuta yaliyochacha huila shaba. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, kwani hugeuka ulimbo. Na yuko mzee mmoja aliyenishauri nitumie sifa, mafuta ya papa. Sifa ni ya mbao za jahazi na huko imefanya kazi karne nyingi. Kwenye beringi itakuletea harufu na paka wa mtaa mzima.

Kisha kuna kile kikopo cha WD-40 ambacho kila gereji inacho. Kilitengenezwa Marekani mwaka 1953, na herufi zake zenyewe zinasema kazi yake, kufukuza maji. Kwa kulegeza skrubu iliyoganda ni kizuri sana. Kwa kulainisha gia hakifai, maana ni chepesi, hupotea upesi, na kikipuliziwa ndani huiyeyusha grisi iliyokuwamo. Mtu hupuliza, rili ikawa nyepesi siku mbili, akafurahi. Wiki ya tatu gia zinasagana kavu.

Vitu viwili tu vinahitajika: mafuta mepesi na grisi. Mafuta ya cherehani yanayouzwa kila duka la vitambaa yanafaa kwa beringi, kwa kiungo cha mkono wa rili, na kwa kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi katika rili ya kurusha. Kigurudumu hicho husahauliwa kuliko vyote, nacho ndicho hukwama mwanzo na kuukata mshipi. Tone moja, mawili yakizidi. Grisi ni ya meno ya gia, na iwe ile ya boti isiyosombwa na maji. Ipake kwa mswaki mkuukuu, meno yafunikwe tu. Ukiijaza kama mtu anayepaka siagi mkate wa sikukuu, rili itakuwa nzito na grisi itasafiri pasipotakiwa.

Kuifungua rili yote ni kazi ya mara moja au mbili kwa mwaka. Tandika kitambaa cheupe, na weka karibu trei ya mayai. Kila kipande kinachotoka kiingie shimo lake kwa mpangilio, na kila hatua piga picha kwa simu. Kuna washa nyembamba kama karatasi ambazo hurekebisha nafasi ya gia. Ukizibadilishana mahali, rili itakwaruza hata ikiwa safi. Springi ndogo huruka, kwa hiyo fungulia upande wake ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Skrubu ikigoma usiilazimishe. Iwekee tone la mafuta ya kupenya, ngoja, kisha jaribu tena kwa bisibisi inayoenea mdomo wake sawasawa. Na kumbuka kwamba baadhi ya nati na mikono ya rili hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na ulivyozoea.

Grisi ya zamani itoe kwa kitambaa na pamba za masikio. Gia za chuma na shaba, na beringi zilizo wazi, waweza kuzisuuza kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko. Plastiki ioshe kwa sabuni ya vyombo na maji. Usitumie petroli, hata kama fundi wa pikipiki jirani yako huapa kwayo. Beringi ikishakauka izungushe kwa kidole: ikikwaruza baada ya kuoshwa mara mbili, imekufa, nunua nyingine. Wakati wa kurudisha, kila skrubu ipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake. Grisi hiyo huzuia chumvi isikae kati ya chuma na alumini, na mwakani itafunguka bila vita.

Breki inataka akili ya peke yake. Washa za kaboni katika rili za breki ya nyota hupakwa utando mwembamba wa grisi maalumu ya breki, si ile ya gia. Rili nyingi za breki ya wenzo hutoka kiwandani na washa kavu, na tone moja la mafuta lililoingia huko hufanya breki iteleze kwa ghafla. Soma karatasi ya mtengenezaji, au itafute mtandaoni kwa jina na namba iliyo ubavuni. Penn, Shimano na Daiwa wote huchapisha michoro ya vipande vya rili zao, na mchoro ni lugha hata kwa asiyesoma Kiingereza.

Sehemu nyingine ya kuogopa ni ile beringi inayozuia mkono usirudi nyuma. Grisi ikiingia humo, mkono huteleza kinyume, na samaki mkubwa akivuta huo mkono hugeuka rungu la kuvunja vidole. Ikitokea, isafishe kwa spiriti, ikauke, na uiache na utando wa mafuta mepesi usioonekana kwa jicho.

Kwa wenzangu wa huku bara wanaokwenda kuvua kambare na kapu kwenye bwawa la Masinga, ambao hucheka wakisikia habari za chumvi: nyinyi mna tope. Mto Tana huleta udongo mwingi sana bwawani, na udongo ule ukichanganyika na grisi huwa msasa. Rili yenu haitaota unga mweupe, itakwisha meno. Futeni kabla hamjazungusha mkono, na grisi iliyogeuka rangi ya kahawa itolewe yote, isiongezewe mpya juu yake.

Ukimaliza, kaza breki kiasi cha kawaida, funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, uvute polepole. Sindano ipande na kukaa mahali pamoja. Ikirukaruka, washa bado zina uchafu na itabidi urudi kwenye trei. Ikitulia, legeza breki, ifunge rili kwa kitambaa cha pamba, usiitie kwenye plastiki inayofungia unyevu, na ubandike kipande cha karatasi chenye tarehe uliyoifungua na aina ya grisi uliyotumia.