Msalaba na Nyara: Funzo la Magofu ya Kilwa Kisiwani

Mtume Paulo, kabla ya kusema na Waathene, alipita kwanza katika mji wao akitazama mahali pao pa ibada (Mdo. 17). Mwenendo huo watufaa sisi tunaofundisha historia ya Kanisa. Wengine husafiri hadi Baalbek kuangalia mahekalu ya Warumi. Kwa mkazi wa Kipatimu, yatosha kushuka kutoka vilima vya Umatumbi hadi Kilwa Masoko, kupata kibali, na kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani.

Tukishuka ufukoni twaikuta kwanza Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno, ingawa sehemu kubwa ya kuta zionekanazo leo ni kazi ya Waarabu wa Oman wa baadaye. Karibu nayo upo Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi. Ile ya kusini, yenye nguzo na kuba nyingi, iliongezwa katika karne ya 14. Nje ya mji, upande wa mashariki, juu ya genge la bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane.

Ibn Battuta alifika kwa sultani huyo mwaka 1331. Alimsifu kwa ukarimu na uchaji, lakini alieleza pia kwamba aliwashambulia watu wa bara, na katika nyara akatenga sehemu moja ya tano kama sheria ya dini ilivyoagiza.

Tusiwe wepesi kuwanyoshea wengine kidole. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliutwaa mji huu. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwamo safarini, aliandika kwamba mapadre Wafransisko walishuka na misalaba miwili wakiimba Te Deum. Msalaba ukawekwa katika jumba la mtawala, jemadari akasali. Ndipo wote wakaanza kupora. Siku saba tu kabla ya hapo, kule Erfurt, kijana Martin Luther alikuwa ameingia katika nyumba ya watawa, akitafuta Mungu mwenye rehema. Wareno wenyewe waliondoka Kilwa mwaka 1512.

Miaka 400 baadaye, Julai 1905, huko Nandete, katika vilima hivyohivyo vya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Safari hii watawala walitoka katika nchi ya Luther mwenyewe. Je, watu wale wangewezaje kutofautisha Injili na kiboko?

Kwa hiyo twawashauri watumishi wanaotumwa Kilwa na Lindi watembee kwanza kimya katika magofu haya. Majirani zetu Waislamu wa pwani wana kumbukumbu ndefu. Nasi tukitaka kuuhubiri msalaba kwao, hatuna budi kukiri kwanza kwamba uliwahi kutua pale ukitangulia nyara. Msalaba wa Kristo ulibebwa na aliyeporwa hata mavazi yake. Haukuwa wake yeye aporaye.