Kabati Lenye Kufuli: Mtoto wa Shule ya Msingi na Kitabu cha Hadithi Tanzania

Kuna kauli iliyozoeleka mno katika semina zetu, nayo ni kwamba Mtanzania hapendi kusoma. Wengine huipamba zaidi: eti jamii yetu ni ya masimulizi, na ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Hoja yetu ni kwamba mtoto wa shule ya msingi hakukikataa kitabu, bali alinyimwa, na historia ndiyo shahidi.

Tuanze na mkoloni. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo ilichapa vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine za wenyeji, na kupeleka masanduku ya vitabu vya kuazima mahali ambapo hapakuwa na maktaba. Malengo ya mkoloni yalikuwa yake, hilo hatubishani. Hata hivyo, njia ile ilikuwa na akili: kitabu kilimfuata msomaji alipo.

Baada ya uhuru tulifanya makubwa zaidi. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipunguza idadi ya wasiojua kusoma kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa hesabu za serikali. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kila mtoto aingie shule ifikapo 1977. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa milioni moja na ushei, wakazidi milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tazama mkasa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Bureau ile ikafa nayo. Ikaja Vita vya Kagera ya 1978–79, kisha uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi ikawa adimu kama sukari. Vitabu vya kiada vilikuwa mikononi mwa dola, na hata hivyo havikutosha. Je, kitabu cha hadithi, kisicho na mtihani, kingepata wapi karatasi? Kwa ufupi, tuliwafundisha mamilioni kusoma bila kuwapa cha kusoma.

Hata hivyo mapenzi yalikuwapo. Muulize yeyote aliyesoma enzi zile kuhusu vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu. Atakusimulia “Kibanga Ampiga Mkoloni” na “Sizitaki Mbichi Hizi” mwanzo hadi mwisho, huku akicheka, lakini maswali ya ufahamu yaliyofuata hayakumbuki hata moja. Mtu asiyependa kusoma hakumbuki hadithi ya darasani kwa miaka arobaini! Zilikuwa fupi, zenye kisa na ucheshi, na watoto walizirudia njiani wakienda nyumbani. Masimulizi na maandishi hayakugombana hapo, yalishikana mikono.

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa rahisi: mchapishaji akitoa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka mashuleni, naye anabaki na 2,000 za kuuza. Hasara ya mchapishaji ikapungua, na waandishi wakapata soko. Lakini mwaka 1997 mradi ulilazimika kuongeza programu ya usomaji, kwani kumbe kufikisha kitabu shuleni ni jambo moja, na kukifikisha mkononi mwa mtoto ni jingine.

Hilo nalifahamu. Katika shule niliyosoma, vitabu vya hadithi vilikuwa katika kabati la vioo ofisini kwa mwalimu mkuu, vimefungiwa kwa kufuli. Tuliviona majalada tukienda kuchapwa. Kabati lilifunguliwa wakaguzi wakija. Si kwamba mwalimu mkuu alikuwa mbaya. Kitabu kikipotea, yeye ndiye angeulizwa. Mwalimu wetu wa darasa la 4 aliazima kimoja kwa dhamana yake, akawa anatusomea kabla ya kengele ya mwisho, na kila siku aliishia pale pazuri. Wiki ile hakuna aliyetoroka.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la 1 na la 2 uliwekewa mkazo kwenye KKK. Ni sawa, lakini KKK ni ufunguo tu. Funguo tumezigawa tangu miaka ya 1970, na kabati bado limefungwa.

Kwa kuhitimisha, mwalimu asitozwe kwa kitabu kilichochakaa au kupotea mikononi mwa watoto, kwani hicho ndicho kilichosomwa. Kila darasa lipate walau kipindi kimoja cha hadithi kisicho na maswali. Na sisi wahakiki tuache kuiona fasihi ya watoto kama fasihi ndogo. Kurasa hizi zimejaa riwaya za watu wazima, vitabu vya watoto viko wapi? Vinginevyo tutakuwa kama yule wa hadithini aliyeshindwa kuyafikia matunda, akasema ni mabichi.