Jamvi la Seli

Mwaka 1914, Ross Harrison wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alichukua nyuzi za utando wa buibui, akazitandaza juu ya tundu dogo, kisha akaweka hapo seli za kijusi cha chura zikiwa ndani ya tone la majimaji. Seli zilizoelea zilibaki viduara, kama punje za mtama zilizoanguka majini. Zilizougusa uzi zilijinyoosha na kuufuata, mithili ya mkwezi aliyeukumbatia mnazi.

Harrison alikuwa tayari maarufu. Mwaka 1907 alikuza neva za chura nje ya mwili wa chura, na historia nyingi za ukuzaji wa seli huanzia kwenye tone lake la limfu lililoning'inia chini ya kioo chembamba. Wasimulizi wengi hupita haraka mahali pamoja: limfu ile ilikuwa imeganda. Nyuzi za neva hazikuogelea. Zilitambaa zikishika nyuzinyuzi za mgando. Jaribio la buibui lilikuja kuthibitisha hilo, kwamba seli haisongi mbele bila kitu kigumu cha kushika. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililo kubwa zaidi kati ya majaribio yake mawili, ingawa halikumpa sifa kama lile la kwanza.

Mwilini hali ni hiyohiyo. Seli nyingi zimetandikiwa nje yake jamvi la protini zilizosukana, ambalo seli zenyewe hulifuma na kulikalia. Ukizing'oa hapo na kuzitia katika chombo kitupu, nyingi hufa hata kama chakula kipo tele. Waliofuata nyayo za Harrison waliihangaikia lishe miaka na miaka, na kuhusu sakafu wakaokota chochote kilichokuwa karibu. Alexis Carrel alitumia plazma iliyoganda. Mwaka 1956, Robert Ehrmann na George Gey, wa Baltimore, walieleza namna ya kutumia mikia ya panya: kano nyeupe za mkia huyeyushwa katika asidi ya siki, kolajeni ikatoka, ikageuzwa kuwa utelezi unaopitisha mwanga, seli zikapandwa juu yake.

Kulikuwa na fumbo jingine ambalo wengi walilizoea kiasi cha kutolishangaa. Seli zikitiwa katika chupa ya kioo pamoja na seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, hushika kioo na kutandaa. Bila seramu, nyingi hukataa. Kwa hiyo katika seramu kulikuwa na kitu kinachotangulia kuganda kwenye kioo kabla seli hazijafika.

Mtafiti aitwaye Holmes ndiye aliyekifuata kitu hicho kwa njia rahisi kuliko zote. Alipitisha seramu ya binadamu kwenye shanga za kioo, seramu ikachuruzika, protini yenye kupenda kioo ikanasa kwenye shanga. Aliibandua akaijaribu kwa seli, na mwaka 1967 akatangaza kwamba inazifanya zianze kukua mara moja. Wengine baadaye waliiita kitandazi cha seramu. Mwaka 1983, kundi la Erkki Ruoslahti huko California liliipa jina lililobaki, vitronektini, kutokana na neno la Kilatini la kioo na lile la kufunga. Ni jina la haki. Wanasayansi wana tabia ya kuficha asili ya vitu nyuma ya herufi na tarakimu, lakini hili linabeba shanga za Holmes ndani yake.

Ilikuja kujulikana kwamba protini hiyo ilikuwa na maisha mengine. Watafiti wa kinga ya mwili walikuwa wakiifahamu kwa jina la protini S, mzuiaji anayekinga seli zetu dhidi ya silaha za damu zinazotoboa bakteria. Jeni yake iliposomwa mwaka 1985, wahusika wa pande mbili waligundua kuwa wanamzungumzia mtu mmoja, kama mgeni mwenye jina lake Tanga na jina jingine Lamu. Hutengenezwa zaidi na ini, na kila mililita ya plazma yetu ina takribani mikrogramu 200 hadi 400.

Vitronektini ni mnyororo wa asidi amino 459. Kwenye nafasi ya 45, 46 na 47 kuna tatu zinazofuatana: ajinini, glisini, asidi aspatiki. Mwaka 1984 Ruoslahti na Michael Pierschbacher walionyesha, kwa kuichambua fibronektini, ndugu wa vitronektini katika kazi hii, kwamba hizo tatu ndizo seli inazozishika. Mkono wa seli unaoshika hapo ni protini zilizopenya utando wake, nazo ziliitwa integrini mwaka 1986.

Pengine habari ingeishia hapo, kwenye vitabu vya biokemia, kama si seli shina. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alitenga seli shina kutoka vijusi vya binadamu, seli zinazoweza kugeuka kuwa za moyo, ini au neva. Zilikuwa na deko. Zilikubali kukaa juu ya zulia la seli hai za panya tu, zilizopigwa mionzi ili zisizaliane. Mwaka 2001 ikawezekana kuliondoa zulia hilo na kutumia Matrigel, utelezi unaokamuliwa kutoka uvimbe wa panya. Hiyo inafanya kazi vizuri mno, na hadi leo maabara nyingi hazitaki kuiacha. Lakini ni mchuzi: uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta humo zaidi ya protini 1,800, na chupa ya mwezi huu hailingani na ya mwezi uliopita.

Mwaka 2005 watafiti wa San Diego walitoa habari ya kutia wasiwasi. Seli shina za binadamu zilizokuzwa kwa mazao ya wanyama zilikuwa zimefyonza sukari ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi, na ambayo damu yetu ina kingamwili dhidi yake. Seli kama hizo zikipandikizwa kwa mgonjwa, mwili wake ungeweza kuzivamia. Sasa swali la jamvi halikuwa tena la starehe ya seli peke yake.

Mwaka 2008 kundi la Christine Mummery, Uholanzi, lilitandika vitronektini tupu iliyotengenezwa kwa kuhamishia jeni ya binadamu katika seli nyingine, na seli shina zikatulia juu yake bila panya. Mwaka 2011 maabara ya Thomson ilipunguza zaidi. Guokai Chen na wenzake walikata kichwa cha mnyororo mpaka karibu kabisa na zile asidi amino tatu, wakampa kazi bakteria wa kawaida wa utumbo, *E. coli*, aifume protini iliyobaki. Kipande hicho kilizishika seli shina barabara, na maji ya lishe waliyokwenda nayo yalikuwa na viambato 8 tu.

Ukitazama kazi yenyewe mezani, hakuna cha kuona. Mtaalamu huzimua tone la protini katika maji ya chumvi, humimina kwenye kisahani cha plastiki, huacha kwa saa moja, kisha huyafyonza na kutia seli kabla sakafu haijakauka. Kisahani kinaonekana kilekile. Kesho yake, chini ya darubini, vishada vya seli vimelala bapa, kingo zimenyooka. Baada ya siku chache vikibanana huhamishwa, na wala havikwanguliwi. Humwagiwa kimiminika kinachonyang'anya kalisi. Integrini haiwezi kufumba mkono bila madini ya aina hiyo, basi dakika chache zikipita vishada vinalegea vyenyewe, na kwenye kisahani cha pili jamvi jipya limeshatandikwa.