Mpito: Neno Lisilotaja Ng'ambo

Kifaransa kilituletea hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, neno "transition", na hadi leo ukipita soko la Kadutu utalisikia limepachikwa katikati ya sentensi ya Kiswahili. Redio na vitabu husema kipindi cha mpito: muda ulio kati ya utawala ulioanguka na ule utakaosimama kwa katiba na kura.

Neno limeundwa sawasawa. Kupita huzaa mpito, kama kucheza huzaa mchezo. Lakini kupita si kuvuka. Mpita njia hukatiza uani kwako akaenda zake, wala humuulizi aendako. Anayevuka mto Ruzizi ameuacha ukingo huu, macho yake yako kwenye ule wa pili. Kilatini, mzazi wa neno la Kifaransa, kilibeba maana hiyo: "trans" ni ng'ambo, "ire" ni kwenda. Tulipotafsiri, ng'ambo ilituponyoka.

Tumeilipia. Rais Mobutu, aliyeshika nchi tangu Novemba 1965, alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na mpito ukaanza. Mwaka 1992 wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kitaifa wakamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Mobutu akabaki palepale. Bukavu iliuona mwisho wa utawala wake kabla ya Kinshasa: waasi wa AFDL waliingia mwishoni mwa Oktoba 1996, siku zilezile alizouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtu aliyeusemea mji huu bila woga. Mobutu alikimbia Mei 1997. Kiongozi wa AFDL, Laurent-Désiré Kabila, akashika nchi na kuahidi uchaguzi mwaka 1999, lakini Agosti 1998 vita vikaanza upya, vikianzia hukuhuku Kivu.

Mwaka 2003 ukaja mpito mwingine, wa rais mmoja na makamu wanne. Haujatimiza mwaka, Jules Mutebutsi, naibu kamanda wa jeshi jipya hapa, akishirikiana na kamanda mwasi Laurent Nkunda, akauteka mji mwanzoni mwa Juni 2004. Nchi ilikuwa "inapita", nasi tumelala sakafuni kukwepa risasi. Katiba ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, kura ya urais na bunge ikapigwa tarehe 30 Julai. Tangu tangazo la Mobutu ilikuwa imepita miaka 16.

Sidai neno mpito lifutwe; limeshakaa vinywani mwa Waswahili wa nchi nyingi. Ninachodai ni kwamba lisiachwe peke yake. Tuseme mpito wa kwenda kwenye uchaguzi wa siku fulani, chini ya sheria fulani. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na watu wanajiuliza tena nani atawatawala kesho. Watangazaji, walimu na wafasiri wenzangu: anayewaletea serikali ya mpito, mwulizeni ng'ambo ni ipi na tunafika lini, kisha jibu lake mliandike pamoja na tarehe.