'Dh' na 'th': Kosa la mtoto lina historia

HUKOSI kuliona katika daftari za wanafunzi wetu: *dhamani* badala ya *thamani*, *thahabu* badala ya *dhahabu*. Mtoto huambiwa eti ni mzembe. Hebu kwanza tujiulize kosa lenyewe limetoka wapi.

Kabla ya hati za Kirumi kuenea, Waswahili waliandika lugha yao kwa hati za Kiarabu. Chuoni, mtoto alizikariri herufi kwa sauti, akizikumbuka kwa maumbo yake: alifu kwa ujiti. Ndiyo maana hadi leo 'alifu kwa ujiti' humaanisha mwanzo kabisa wa jambo. Umbo lilikuwa kumbukumbu.

Katika hati hizo, 'th' ya *thamani* ina herufi yake moja. 'Dh' yetu, kwa upande mwingine, imetokana na herufi tatu: moja ya *dhambi*, nyingine ya *dharura*, ya tatu ya *dhuluma*. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka wa 1930, na usanifishaji wa tahajia ukawa mojawapo ya kazi zake. Katika tahajia sanifu, zote tatu huandikwa 'dh'.

Kuna jambo jingine. Katika Kikikuyu na Kikamba, sauti tunayoiandika 'dh' huandikwa 'th'. Basi mtoto aliyejifunza kusoma kwa lugha ya mama anapoandika *thahabu*, anafuata kanuni aliyofunzwa. Huyo si mzembe hata kidogo!

Tumsaidieje? Mosi, aweke kiganja kooni. Akitamka *dhahabu*, 'dh' hutetemesha koo kwa sababu ni sauti ghuna. 'Th' ya *thamani* haitetemeshi. Pili, akumbuke kwamba hesabu haina 'dh': *theluthi*, *thumni*, *thenashara*, *thelathini*, *themanini*. Maneno haya yote yana herufi ile moja ya Kiarabu. Tatu, akariri sentensi fupi: *Dhahabu ina thamani*. Nne, ajifunze maneno kwa jozi za maana: *dhambi* na *thawabu*.

Wapo wanaobeza ukariri kuwa ni kasuku tu. Nakubaliana nao pale ambapo mtoto hukariri asichokielewa. Lakini akiambiwa sababu, ukariri humsaidia kukumbuka sababu hiyo. Mwalimu anayeweka alama nyekundu bila kueleza chanzo cha kosa amesahihisha daftari, hajamfundisha mtoto.