Historia ya Ukarabati wa Treni na Vituo vya Abiria wa Jiji la Dar es Salaam, 2012–2021: Mtazamo kutoka Songea

Mji wa Songea haujapata kufikiwa na reli. Njia ya kusini iliyowazwa enzi za Wajerumani, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ilibaki katika ramani. Reli ya mradi wa karanga, iliyotoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, haikusogea zaidi kuelekea magharibi, nayo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kwa hiyo msafiri wa Songea aendaye Dar es Salaam ametegemea barabara: ile ya Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza katika miaka ya 1980, kisha barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Kwa miaka mingi safari hiyo ya zaidi ya kilomita 900 iliishia katika kituo cha mabasi cha Ubungo. Si mbali na hapo, kuanzia tarehe 29 Oktoba 2012, palikuwa mwisho wa treni ya jiji, mahali paitwapo Ubungo Maziwa.

Mahali hapo pa kushukia panafaa kuanzia mjadala, kwa sababu panamkutanisha mlipakodi wa mkoa usio na reli na huduma ya reli iliyoanzishwa kwa fedha za umma katika jiji asiloishi. Swali lake ni halali: fedha hizo zilinunua nini? Insha hii inadai kwamba kilichoitwa uboreshaji mwaka 2012 kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ugawaji upya wa uhaba uliokuwapo. Mabehewa, injini, njia na hata saa za kazi zilitolewa katika shughuli nyingine za reli na kuelekezwa kwa abiria wa mjini. Uhaba huo ndio ulioamua treni ipite wapi, saa ngapi, na abiria apandie wapi.

Hali ya reli yenyewe kabla ya hapo inaeleza mengi. Shirika la Reli Tanzania liliundwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, likarithi njia iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51 ya hisa na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba haukumaliza hata miaka mitano. Mafuriko yaliyoikumba njia kati ya Kilosa na Gulwe, kuanzia Desemba 2009, yaliongeza pigo juu ya kampuni iliyokwisha kuyumba, na mwaka 2011 serikali ilizichukua tena hisa zote. Harrison Mwakyembe alipoteuliwa kuwa Waziri wa Uchukuzi mwezi Mei 2012, alikuta kampuni isiyo na injini za kutosha hata kwa mizigo ya bara.

Wakati huohuo sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 mkoani Dar es Salaam. Foleni za barabara za Morogoro, Mandela na Nyerere zilikuwa zimegeuka hoja ya kisiasa, na mradi wa mabasi yaendayo haraka ulikuwa bado katika ujenzi. Serikali ilihitaji jibu la haraka, na jibu lililopatikana upesi kuliko mengine lilikuwa reli ambazo tayari zililala katikati ya makazi ya watu. Wananchi waliipa huduma hiyo jina la waziri: treni ya Mwakyembe. Jina hilo lilikuwa sifa, lakini kwa mwanahistoria ni dalili pia. Huduma iliyojulikana kwa jina la mtu ilikuwa haijapata bado chombo chake chenyewe chenye bajeti yake.

Upande wa TRL, treni ilitoka Stesheni, ikapitia Kamata, Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa, kwa kutumia njia ya tawi iliyokuwa ikihudumia eneo la viwanda. Upande wa Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, treni ilielekea Mwakanga. Njia hizo mbili zilitangazwa kama mpango mmoja, lakini hazikuweza kusaidiana hata kidogo. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67, kama upana wa vidole vinne, ilitosha kuzuia behewa la upande mmoja kuazimwa na wa pili. Aliyeshuka katika kituo kikuu cha TAZARA akitaka kwenda Kariakoo alilazimika kupanda daladala na kulipa nauli nyingine.

Mabehewa yalikuwa ya zamani, yaliyofanyiwa ukarabati. Karakana ya TRL ilibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mafundi wake wanastahili sifa ambayo hotuba za uzinduzi hazikuwapa. Hata hivyo behewa la safari ndefu halikuundwa kwa ajili ya umati wa asubuhi. Milango yake ni michache na myembamba, na ngazi zake ni za kupandwa taratibu. Pale ambapo hapakuwa na jukwaa la kimo cha behewa, kila kituo kilikula dakika za ratiba, na mzee, mjamzito au mlemavu alisaidiwa kwa mkono wa abiria mwenzake. Kwa vile njia ni moja, treni ya kurudi husubiri ya kwenda ipishe. Hivyo kuongeza treni bila kuongeza njia na vituo kulikuwa na kikomo kilichofikiwa mapema.

Vituo ndivyo vilivyoachwa nyuma zaidi. Majina yake yanaonyesha vilivyozaliwa. Kwenye njia ya TAZARA kulikuwa na Kwa Fundi Umeme na Kwa Limboa, majina ya mtaani ya aina ileile itajwayo na makondakta wa daladala. Kituo kilikuwa pale watu walipokuwa wamezoea kukatiza reli.

Nairobi, katika majira yayo hayo, ilianzia upande wa pili. Mwezi Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua kituo kipya cha Syokimau, chenye majukwaa na maegesho ya magari, huku mabehewa yakibaki makuukuu. Treni za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Hispania zilikuja kuzinduliwa mwaka 2020. Dar es Salaam ilikarabati mabehewa na kuahirisha vituo. Nairobi ilijenga vituo na kuahirisha mabehewa. Kwa maoni yangu uamuzi wa Nairobi ulikuwa na busara zaidi, maana jukwaa la zege hudumu hata waziri abadilike, ilhali injini ya kuukuu huomba vipuri kila mwezi. Lakini uamuzi wa Dar es Salaam uliwafikia abiria wa kipato cha chini upesi zaidi, na hilo haliwezi kudharauliwa.

Huduma ilifanywa asubuhi na jioni, saa za msongamano, na kupumzika katikati. Kwa mfanyakazi wa ofisini ratiba hiyo ilifaa. Kwa mama lishe amalizaye kuuza chakula alasiri, au mwanafunzi wa zamu ya mchana, ilikuwa nusu ya huduma. Tena usalama wake ulitegemea afya ya mashirika mama. Wafanyakazi wa TAZARA walipogoma mwaka 2014 wakidai mishahara iliyocheleweshwa, ilidhihirika kwamba treni ya jiji haikuwa na mfuko wa kuilinda: deni la reli ya Zambia liliweza kumkwamisha mtu wa Kitunda asifike kazini.

Mwaka 2016 mambo mawili yalibadili ramani. Mwezi Mei mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, yakiipita Ubungo. Mwezi Agosti TRL ilianzisha treni ya Stesheni hadi Pugu, ikiwafuata wakazi wa Gongo la Mboto, upande ambao mabasi hayo yalikuwa hayajafika. Naiona hatua hiyo kuwa uamuzi wa kimipango ulio bora kuliko wote katika kipindi kinachochunguzwa, ingawa ulitangazwa kwa shamrashamra chache. Reli ilikwenda palipokuwa na pengo, badala ya kushindana na barabara iliyokwisha kupewa mtaji mkubwa.

Mtaji wa reli nao ulikuja, lakini kwa safari ndefu. Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na sheria ya mwaka huo ikaunganisha TRL na kampuni hodhi ya rasilimali za reli kuwa Shirika la Reli Tanzania kwa mara nyingine. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yaliondoka Ubungo na kuhamia kituo cha Mbezi Luis. Tangu hapo abiria atokaye Songea hushukia magharibi zaidi, mbali na Ubungo Maziwa, na huendelea na safari yake ya kuingia mjini kwa basi jingine.