Kibarua wa Kilindini

Neno kibarua limezaliwa na neno barua. Katika Pwani ya karne ya 19, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kushuhudia kazi yake, na hatimaye jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Jambo hili si dogo. Mwajiri hakuwa na haja ya kumjua mtu; ilimtosha kukijua kikaratasi.

Gati za kina kirefu za Kilindini zilipoanza kutumika mwaka 1926, desturi hiyo iliendelea. Kazi ya bandari hujaa na kupwa kama maji: meli zifikapo, watu hutakiwa kwa mamia, ziondokapo, hawatakiwi tena. Kwa hiyo makampuni ya kupakua shehena yaliwaita makuli asubuhi, yakawalipa ujira wa siku, kisha yakaachana nao. Makampuni yaliona faida, maana hayakugharimia siku za kukaa bure. Makuli nao walikuwa na uhuru wao: aliyechoka alipumzika, na mwenye shamba alikwenda kulima.

Lakini asiyejifunga kwa mtu hawezi kudai kwamba mtu ajifunge kwake. Vita Kuu ya Pili ilipopandisha bei za vyakula na kodi za nyumba, ujira haukutosha. Tarehe 13 Januari 1947, watu wapatao 15,000 waligoma mjini Mombasa: makuli, wafanyakazi wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walikusanyika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu siku 12 hivi, mpaka Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alipowasihi warudi kazini ili madai yao yachunguzwe. Chege Kibachia, kiongozi wao mashuhuri, alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akahamishiwa mbali.

Tazama basi yaliyotokea. Kuli hakuwa na kazi ya kudumu ya kupoteza, kwa hiyo kitisho cha kufukuzwa hakikumtia hofu kubwa. Na ule umoja ambao makampuni hayakuujenga gatini, aliupata kwa wenzake uwanjani.

Katika miaka ya 1950 serikali na makampuni yalibadili mwendo. Makuli waliandikishwa, na asiyefika kazini mara kwa mara alifutwa katika daftari. Hata hivyo, daftari peke yake halikuleta amani: Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya akasaidia kupatanisha pande mbili, wakapata nyongeza ya ujira. Tangu hapo chama cha wafanyakazi kilikuwa na sauti ya kusikilizwa. Hayo hayakupatikana bure, kwani waliofutwa walikosa riziki waliyoizoea, na waliobaki walipunguziwa uhuru wao.

Siku hizi mabwana wa kazi hupenda kuwaambia watu wao kwamba wote ni jamaa moja. Maneno hayo ni mazuri, lakini historia ya Kilindini yatufundisha kuyapima. Msomaji atakapokuwa siku moja msimamizi wa watu, na ajiulize kwanza: je, mtu huyu ajua kama kesho ana kazi, na akisema, yuko wa kumsikiliza?